Picha moja, saa moja: namna ya kuingiza sanaa kwenye mafunzo ya udaktari bila bajeti

Kila muhula ukianza naulizwa kitu kile kile na wakufunzi wapya, wengine ni intani tu waliokabidhiwa kundi la wanafunzi: Dokta, hii habari ya kuingiza sanaa na fasihi kwenye udaktari tunaanzaje, maana kwetu hela hamna, mwalimu wa sanaa hamna, na ratiba imejaa mpaka Jumamosi mchana. Nimejibu kwenye simu, nimejibu kwenye korido, sasa naandika yote sehemu moja ili ukiwa na watu kumi na saa moja ya nafasi uweze kuanza wiki hii hii.

Ni kwa yeyote anayefundisha udaktari, uuguzi au utabibu. Hata CR (kiongozi wa darasa) mwenye moyo anaweza kuanza, ila apate mkubwa wa kumsimamia.

Kwa nini tujisumbue? Mama mmoja mwenye sukari alimwambia mwanafunzi wangu, "Mwanangu, usiku miguu inawaka moto, nasikia kama sisimizi wanapanda, hata shuka siwezi kuivumilia, nimemwambia mume wangu alale upande wa ukutani asije akanigusa." Nikafungua faili nikakuta maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya ganzi, miguu, miezi miwili. Ganzi sio uongo, lakini moto umepotea, sisimizi wamepotea, ndoa imepotea, na hayo ndo yaliyokuwa yanatuambia maumivu ni makali kiasi gani na huyu mama analala saa ngapi. Wanafunzi wetu wanasoma kwa Kiingereza, mgonjwa anaongea Kiswahili au Kisukuma au Kimakonde, na kwenye ile tafsiri ya haraka haraka mtu anadondoka njiani. Sanaa inafundisha kukaa na kitu kabla hujakipa jina. Kila hatua hapa chini inarudi hapo.

Wengine walianza zamani. Chuo cha udaktari cha Penn State kule Hershey, Marekani, kilianza 1967 kikiwa na idara kamili ya fasihi, falsafa na mengineyo ya aina hiyo. Pale Chuo Kikuu cha Yale, huko huko Marekani, daktari wa ngozi Irwin Braverman na Linda Friedlaender wa jumba la sanaa waliwapeleka wanafunzi kutazama michoro, na matokeo yaliyochapishwa 2001 yakaonyesha waliotazama michoro walieleza vizuri zaidi walichokiona kwenye picha za wagonjwa kuliko wenzao. Nadharia inatosha, twende kazini.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Wanafunzi 8 mpaka 12. Wakizidi 15 kuna watu watajificha nyuma ya wenzao.
- Chumba chenye mlango unaofungwa, viti vimekaa duara.
- Picha MOJA, iwe imeprintiwa kubwa kwa rangi. Projekta ni nzuri ila umeme ukikata kipindi kimekufa.
- Daftari dogo la kila mtu, tofauti na logibuku ya chuo. Humo jina la mgonjwa haliingii, wala namba ya faili, wala namba ya kitanda.
- Simu ya kuhesabia muda, na zingine zote zizimwe.
- Ruhusa ya mkuu wa idara na ya sista mkuu wa wodi. Ya sista usiidharau, wodi ni yake na mkigongana naye mara moja hamtarudi tena.
- Mtu wa kumpigia mwanafunzi akizidiwa na machozi: mshauri wa wanafunzi au afisa ustawi wa jamii. Namba yake uwe nayo kabla ya kipindi.

Hatua ya 1. Chagua tatizo moja la wodini

Usianze na sanaa, anza na kinachokukera kwenye raundi, ule mzunguko wa kuwaona wagonjwa wodini. Wanafunzi wanamkatiza mgonjwa? Hawamtazami usoni? Wanaogopa kutoa habari mbaya? Chukua moja tu, maana ndo itaamua utumie picha, maandishi au igizo, na mkuu wa idara akikuuliza "hii inatusaidia nini" una jibu la sentensi moja.

Hatua ya 2. Omba nafasi ndani ya kipindi kilichopo

Ukiomba somo jipya utaambiwa subiri mtaala ufanyiwe mapitio, na hapo umengoja miaka. Tafuta kipindi ambacho tayari kipo, cha maadili au cha mawasiliano na mgonjwa, omba saa moja mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Andika ukurasa mmoja tu: tatizo, utakachofanya, lini, wangapi, gharama. Pale kwenye gharama andika kuprinti na madaftari, basi.

Hatua ya 3. Tafuta picha

Wengi wanakwama hapa kwa kudhani lazima iwe mchoro wa Ulaya wa miaka mia tatu. Huo nao unafaa siku nyingine, ila kwa kuanzia chukua kitu ambacho mwanafunzi hatakiogopa. Mimi napenda kazi za George Lilanga, yule mchoraji Mmakonde aliyefariki 2005. Watu wake wana masikio makubwa, matumbo yametokeza, vidole vichache, midomo wazi, wamebanana kwenye picha kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni, na rangi zinapiga kelele. Yeye mwenyewe aliishi na kisukari miaka mingi mpaka kikamfikisha kukatwa mguu. Hilo usiwaambie mwanzoni, liweke mwisho.

Ukiwa Dar nenda kwa wachoraji wa Tingatinga kule Oysterbay, wapo wanaochora hospitali na wodi imefurika watu, au pita Mwenge kwa wachongaji, kinyago kimoja mezani kinafanya kazi sawa na picha na mkono unaweza kukigusa. Ukiwa mbali na Dar tafuta fundi wa mtaani kwako, anayechora kwenye kuta za saluni na mabasi, umlipe kidogo aje na kazi yake na akae kwenye duara.

Angalizo: picha isiwe ya mgonjwa wala ya ugonjwa. Ukiwaletea picha ya mtu mwenye kidonda wataanza kutaja magonjwa na umerudi kwenye raundi.

Hatua ya 4. Endesha kipindi cha kutazama

Dakika mbili za kwanza hakuna kuongea. Mbili kamili, na zitakuwa ndefu, watu watacheka, watakohoa, watatafuta simu zao, we tulia tu. Baada ya hapo una maswali matatu, nayo yametokana na njia ya Abigail Housen na Philip Yenawine waliyoitengeneza kwa ajili ya makumbusho:

1. Hapa kuna nini kinaendelea?
2. Umeona nini mpaka ukasema hivo?
3. Tunaweza kuona nini kingine?

Zunguka na hayo hayo matatu kwa nusu saa. Mtu akiongea, onyesha kwa kidole sehemu anayoisema, rudia maneno yake kwa lugha yako bila kumsifia na bila kumsahihisha, halafu rudi swali la tatu.

Swali la pili ndo lenye nguvu. Kundi langu moja la mwaka wa tatu lilikuwa na picha ya Lilanga mezani, kijana wa kwanza akasema bila kupumua, "Tumbo limejaa maji, ini hilo." Nikamuuliza umeona nini mpaka ukasema maji. Akasema tumbo kubwa. Kingine? Akanyamaza, akasogea, akasema, "Mikono ipo juu... na miguu imekunjwa kama anaruka." Binti wa pembeni akadakia, "Kama anacheza ngoma," mwingine akasema hapana anakimbia, tazama yule wa nyuma anamvuta. Dakika kumi baadaye maji ya tumboni hayakuwepo tena kwenye mazungumzo, na yule kijana aliyeanza ndo alikuwa wa mwisho kunyanyua macho kutoka kwenye picha. Sikumwambia amekosea, ameona mwenyewe kwamba jina lilitangulia macho.

Makosa ya hapa ni mawili na mimi yote nimeyafanya. La kwanza ni kutoa mhadhara wa historia ya sanaa, kundi langu la kwanza kabisa niliwaletea picha tano na maelezo ya kila moja, nikaongea peke yangu saa nzima. La pili ni kusema jibu. Wakikuuliza "sasa jibu lake nini Dokta", warudishie picha.

Bakiza dakika kumi za mwisho. Waulize, jana wodini kuna mtu ulimpa jina kabla hujamtazama? Hapo ndo unaweza kuwaambia habari ya Lilanga na mguu wake, halafu waache waondoke nayo.

Hatua ya 5. Peleka macho hayo hayo wodini

Wiki ya pili. Wanafunzi wawili wawili kwa mgonjwa mmoja, mgonjwa awe ametulia, ameombwa mapema na sista na amekubali mwenyewe. Na muombe kama unavyomuomba mtu nyumbani kwake: "Shikamoo mama. Sisi ni wanafunzi, tunaomba tukae na wewe dakika kumi, leo hatukupimi wala hatukuchomi sindano." Akishaitikia marahaba, mvute kiti mkae, usisimame juu yake.

Dakika tano za kwanza ni kusikiliza. Swali ni moja tu, "Mama, tuelezee ilivyokuwa," halafu kimya. Wapime kwa saa. Watafiti Beckman na Frankel walirekodi madaktari Marekani na mwaka 1984 wakaripoti kwamba mgonjwa alikuwa anakatizwa baada ya wastani wa sekunde 18. Waambie wanafunzi namba hiyo kabla hawajaingia, utaona watakavyojizuia. Wagonjwa wengi wakiachiwa hata hizo tano hawazimalizi.

Dakika tano za pili ni kutazama, mikono imefungwa nyuma, stetoskopu imebaki mfukoni. Kwenye kabati kuna nini? Chupa ya uji imeguswa au imejaa? Kanga ni safi, kuna anayemfulia? Nani anakuja saa ya kutembelea wagonjwa na nani hajawahi kuonekana? Binti mmoja aliona mzee ameviweka viatu vyake juu ya kitanda miguuni, akamuuliza taratibu, mzee akasema "vikiwa chini nitasahau kwamba naenda nyumbani." Hakuna fomu ya kuchukua historia yenye nafasi ya viatu, ila siku ya kumruhusu tulijua wa kumuuliza kuhusu nauli.

Onyo: hakuna kupiga picha. Hata ya viatu. Hata ya mkono tu.

Hatua ya 6. Waandike, tena kwa Kiswahili

Daktari Rita Charon wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ana zoezi anawapa wanafunzi wake: kile ambacho hakina nafasi kwenye faili la hospitali lakini lazima kiandikwe sehemu fulani, kiandike kwenye faili la pembeni, kwa lugha ya kawaida. Mimi naliita hivo hivo, faili la pembeni.

Masharti yangu: maneno 55 tu, dakika kumi, Kiswahili au lugha ya nyumbani kwako, na lazima iwemo sentensi moja ya mgonjwa kama alivyoisema yeye. Kama kasema "pumzi inakata", andika pumzi inakata. Kama kasema "chango", usikimbilie kulitafsiri, muulize chango lake liko wapi, linatembea, linakuja lini, bibi yake aliliitaje. Neno hilo moja linaweza kubeba hedhi, tumbo, ugumba na wasiwasi wote wa ukoo, na mwanafunzi akiliandika kama maumivu ya tumbo amelifungia mlango.

Maneno 55 ni machache kwa makusudi, mtu hapati nafasi ya kupamba. Wanaotaka wasome kwa sauti, asiyetaka asilazimishwe. Anayesikiliza anajibu kitu kimoja tu: "Neno lililonishika ni hili..."

Na hapa nisisitize kwa herufi kubwa: USISAHIHISHE SARUFI. Nimeshuhudia mkufunzi, chuo sikitaji, anamrekebishia mwanafunzi ngeli mbele ya wenzake, na mwanafunzi huyo ndo kwanza ametoka kusoma habari ya mtoto aliyefia mikononi mwake. Kijana alikunja karatasi akaweka mfukoni na hakuandika tena mpaka mwaka ukaisha.

Hatua ya 7. Wiki ya nne, lete utenzi

Chukua Utenzi wa Mwana Kupona, beti za mwanzo tu, kama kumi hivi. Mwana Kupona aliutunga 1858 huko visiwa vya Lamu akiwa mgonjwa, anamuusia binti yake. Kabla ya mawaidha yenyewe anamwita binti asogee, akae, achukue wino na karatasi, maana ana jambo moyoni, na anasema maradhi yamemshika mwaka mzima. Lugha ni Kiamu, Kiswahili cha Lamu, kwa hiyo tafuta mtu wa pwani awasomee kwa mahadhi yake, hata fundi simu wa jirani kama ni mtu wa Lamu au Mombasa.

Halafu waambie wachukue historia. Mgonjwa ni nani, anaumwa tangu lini, anaogopa nini, anataka nini kutoka kwa aliyekaa mbele yake. Watagundua kwamba kamwe hatuambii ugonjwa wake, anamwambia binti akae aandike. Waache hapo wakae kimya kidogo.

Beti za mbele zina mambo ya ndoa na mume na mjadala utawaka, zuri, ila uwekee siku yake.

Hatua ya 8. Igizo la kutoa habari mbaya

Ile SPIKES, orodha ya hatua sita za kumpa mgonjwa habari mbaya, wote wameikariri, ukiwauliza kwenye mtihani wanaitaja mpaka mwisho. Sasa waigize. Njia yenyewe ni ya Mbrazili Augusto Boal, mtu wa maigizo: igizo fupi la dakika tatu linalokwenda vibaya, linarudiwa, na mtazamaji yeyote anaweza kusema "simama!" akaingia kuchukua nafasi ya daktari.

Liweke kwetu kabisa. Daktari yuko kwenye korido, faili mkononi, mgonjwa yuko kitandani ana saratani, na amezungukwa na kaka mkubwa, shangazi na mjomba, mjomba anamvuta daktari pembeni anamwambia "Dokta, tuambie sisi, yeye usimwambie, atakufa kwa presha." Kitabu cha nje hakina huyo mjomba. Anayeingia kuchukua nafasi ya daktari atajaribu kumkwepa, atajaribu sheria, atajaribu kukubali, na kila jaribio waulize wanaoigiza familia wamejisikiaje.

Mwanafunzi aliyefiwa karibuni asipewe nafasi ya mfiwa. Uliza mapema, faragha. Igizo likiisha kila aliyeigiza ataje jina lake halisi kwa sauti, avue kanga au koti alilovaa, ndo atoke chumbani.

Hatua ya 9. Tathmini

Usitoe alama za huruma. Ukizitoa watakuandikia huruma ya kughushi na watakuwa wazuri sana kwenye hiyo. Pima mahudhurio, na siku ya kwanza na ya mwisho wape picha moja ngeni waorodheshe wanachokiona kwa dakika tano, ulinganishe karatasi mbili za mtu yule yule. Karatasi hizo ndo utampelekea mkuu wa idara.

Ukikwama

*Wanafunzi wanasema ni kupoteza muda, mtihani uko karibu.* Usibishane. Wapeleke hatua ya 5 moja kwa moja, kitanda kimoja kinafanya kazi ambayo maneno yako hayawezi.

*Kimya, hakuna anayeongea.* Waandike kwanza dakika mbili, halafu wasome walichoandika. Na angalia kama kuna mkubwa amekaa kwenye duara, rejistra au daktari bingwa, huyo ndo amewafunga midomo. Muombe kwa heshima aje siku nyingine au naye aandike kama wengine.

*Kuna mmoja anaongea peke yake.* "Asante kaka, sasa tusikie upande huu wa mlangoni."

*Mwanafunzi analalamika kwamba vinyago vya kishetani vinapingana na dini yake.* Mheshimu, badilisha kitu. Mlango wa nakshi wa Zanzibar, kanga yenye jina lake, mkeka wa ukili, vyote vinatazamika nusu saa nzima.

*Mtu analia.* Simamisha, mwenzake mmoja atoke naye, kipindi kiendelee taratibu, na jioni umpigie mwenyewe usimwachie mwingine. Kama analia kila wiki, ile namba ya mshauri itumie.

*Darasa lina watu 200.* Usilifanye ukumbini. Chukua wa mwaka wa tano kumi na sita, wapitishe wao kwanza wiki zote sita, kwa makundi mawili ya wanane, halafu kila wawili wapewe kundi. Kwa zamu mtawafikia wote ndani ya mwaka, na hao wakubwa wanajifunza zaidi ya wadogo.

*Maandishi yamevuja kwenye grupu la WhatsApp.* Simamisha uandishi wiki hiyo, kaeni muongee, yafutwe. Kama mgonjwa anaweza kutambulika, ripoti kwa mkuu wa wodi siku hiyo hiyo, na mkamuombe radhi mgonjwa au ndugu zake ana kwa ana.

*Mgonjwa alikubali asubuhi, mmefika amekataa.* Hana haja ya kujieleza na msimuulize sababu. "Asante mama, ugua pole." Rudisheni kiti mlipokitoa, mhamie kwa mwingine.